Hilux 22R inazima ikipanda mlima na mzigo, pampu imeshabadilishwa na bado

Pikapu_Kasulu

Wakuu habari zenu, nawasalimu kutoka Kasulu. Nina Hilux ya mwaka 1991, injini 22R ya kabureta, petroli. Nabebea mizigo mchanganyiko, nashusha maharage na ndizi Kigoma mjini, narudi na dagaa na mawese. Hii gari sa hizi imenifikisha pabaya, wateja wangu wa dagaa wameanza kutafuta usafiri mwingine na siwalaumu, wengi ni akina mama wenye mtaji mdogo, mzigo ukilala njiani ukanyeshewa ndo mtaji wenyewe umeenda.

Tatizo liko hivi. Nikitoka mjini na mzigo inaenda fresh tu, nikishaacha Kidahwe nikianza kupanda kuja huku juu inaanza kuvutavuta, inakohoa, nikikanyaga resi ndo inazidi kulegea, naweka gia ndogo inajikongoja kidogo alafu inazima kabisa. Nikikaa dakika kumi na tano hivi nikipiga stata inawaka vizuri kabisa, natembea, mlima unaofuata mchezo ule ule. Nikiwa mtupu inasumbua mara chache.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta imekufa, tukafunga mpya, ikawa kama nafuu alafu ikarudi pale pale. Fundi wa pili akasema ile niliyofunga ni feki ndo maana, tukafunga nyingine, nayo hivyo hivyo. Filta ile ndogo ya plastiki ni mpya, plagi mpya, kabureta imeoshwa. Wote wawili wanasema ni joto, pampu inachemka, na hata mimi ikizima nimekuwa nafunua boneti naiwekea kitambaa kibichi juu ya pampu na kweli baada ya hapo inawaka.

Kitu kingine sijui kama kinahusiana, nikijaza tenki full huwa hainisumbui sana, ikishashuka chini ya nusu ndo balaa linaanza. Sasa kuna mtu kaniambia nitoe hii pampu nifunge ya umeme, mwingine kaniambia ninunue kabureta nyingine. Hela ya kujaribu jaribu sina tena. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie nianzie wapi.

---

dogo_mwanga

Funga ya umeme bro achana na hizo za kusukumwa na injini. Jamaa yangu hapa Mwanga alifunga ya umeme kwenye Hilux yake na inadunda tu. Pia jaribu kutembea na mfuniko wa tenki umelegezwa, saa nyingine tenki linakosa pumzi.

---

fundi_isevya

Kaka wa Kasulu pole sana. Niko Tabora huku, Isevya, hizi 22R nimezifanyia kazi muda mrefu na naomba usinunue kitu chochote kwanza mpaka tumalizane. Umeandika jambo moja mwishoni ukasema hujui kama linahusiana, mimi naona hilo ndo limebeba kesi yote. Tenki full haisumbui, chini ya nusu inasumbua. Lishike hilo.

Tuelewane kwanza hiyo pampu inafanyaje kazi maana watu wanaifunga na kuifungua miaka bila kuambiwa. Haina umeme. Imefungwa mbele kwenye silinda hedi, ina mkono unaoingia ndani, mkono unasukumwa na kikemu kilichofungwa mbele ya kemshafti, ule mhimili unaozunguka na kufungua vali za injini. Mkono ukisukumwa unavuta ile ngozi ya ndani, diaframu, mafuta yanakuja kutoka tenki, mkono ukiachia springi inairudisha ngozi na mafuta yanasukumwa kwenda kabureta. Kuna vali mbili ndogo, moja ya kuingiza moja ya kutoa, basi, hamna kingine mle. Presha yake ndogo, psi 3 hadi 4 hivi, na inatosha kwa sababu kazi yake ni kujaza chumba cha floti tu, yaani kale kabakuli ka kabureta kanakotunza mafuta.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Kutoka pampu kwenda kabureta mafuta yanasukumwa. Kutoka tenki kuja pampu mafuta YANAVUTWA, tena kutoka nyuma huko na chini. Mpira wa upande wa kusukuma ukipasuka utaona petroli inadondoka na harufu utaisikia kabla hujafunua boneti. Mpira wa upande wa kuvuta ukipasuka huoni tone, mpira mkavu kabisa, ila pampu inavuta upepo badala ya mafuta. Na kwenye hizi gari mafuta yanatokea JUU ya tenki, kwa hiyo ule mpira mfupi unaounga tenki na bomba la chuma unaweza ukawa umepasuka mwaka mzima bila kuvuja chochote. Tenki likiwa limejaa mafuta yako karibu na juu, pampu haihitaji kuvuta kwa nguvu. Likishuka, inabidi ivute kutoka chini zaidi, na kadiri inavyovuta kwa nguvu ndo upepo unavyoingia zaidi kwenye ufa. Hapo umeona kwa nini nusu tenki ni tofauti na full?

Alafu mlima. Mlimani na mzigo injini inakunywa sana, chumba cha floti kinakauka haraka kuliko pampu inavyojaza, kikikauka gari inazima. Ukisimama dakika kumi na tano ukapiga stata, hamna anayekunywa, pampu inavuta taratibu, mvuto mdogo, upepo unaoingia ni kidogo, chumba kinajaa na gari inawaka. Ndo maana nasema sio lazima imepoa, imepata nafasi ya kujaza. Kile kitambaa kibichi huenda kinachokusaidia ni zile dakika unazotumia kukitafutia maji. Hata chujio la ndani ya tenki likiwa na uchafu dalili ni hizi hizi, mvuto ukiisha takataka zinaachia na kudondoka, njia inafunguka, unawasha unatembea unasema pampu ilikuwa ya moto.

Sisemi joto halipo. Petroli ina sehemu nyepesi zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 tu hivi, na kitu kikivutwa kinachemka mapema zaidi kuliko kikisukumwa, na wewe unatoka ziwani kwenye mita 770 na kitu unapanda mpaka zaidi ya mita 1,200, hewa nayo inapungua. Lakini joto linammaliza aliyekuwa tayari anavuta kwa shida. Hilux ngapi za aina hiyo zinapanda huko na mzigo kila siku na hazifunikwi vitambaa?

Kwa hiyo siku ikizima tena USISUBIRI IPOE. Hapo hapo ilipozima ndo ushahidi upo, ukisubiri robo saa umeufuta mwenyewe. Weka mawe kwenye tairi, zima kila kitu, fanya haya kwa haraka.

Nenda kwenye mfuniko wa tenki uufungue taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia fyuuu ya upepo kuingia basi tenki halipumui, dogo wa Mwanga yuko sahihi na tatizo ni mfuniko au kipumulio. Usiposikia kitu, kesi hiyo imefungwa.

Alafu kabureta. Hiyo ya kwako mbele ina kijidirisha cha kioo cha kuangalia usawa wa mafuta. Wengi wameshakisahau kwa sababu kimejaa vumbi, kifute leo hii kabla ya safari. Mafuta yanatakiwa yaonekane katikati ya kioo. Ikizima na kioo kina mafuta katikati, achana na mafuta kabisa, nenda kwenye moto, koili na ile igniter (kale kadude kanakokata na kuunga umeme wa koili) hupenda kufa zikipata joto na zikipoa zinarudi, dalili zinafanana mno na zako. Kioo kikiwa kitupu, ni mafuta. Kama kioo kimekufa huoni, fungua kifuniko cha ea klina, injini ikiwa imezima, chungulia kwenye koo la kabureta huku mtu anasukuma resi kwa mkono, unatakiwa uone mchirizi wa petroli unaruka ndani. Hamna mchirizi, hamna mafuta. Usivute sigara wala usimulikie kiberiti, nimeona mtu kaungua uso kwa hilo.

Na uniambie pia inazimaje. Moto ukikata gari inakata ghafla kama umezima swichi. Mafuta yakikata inavutavuta kwanza, inakohoa, ukiachia resi inapata nafuu sekunde kadhaa. Ulivyoeleza naona ni mafuta, lakini angalia kwa macho usichukue la kwangu.

---

mama_wa_tumbaku

Mimi sio fundi, nina pikapu ya kusombea tumbaku Urambo na Kaliua, naongeza la kwangu kwa sababu nimelilipia. Msimu wa masoko ukiisha gari yangu ilikuwa inapaki muda mrefu na mafuta kidogo chini, tenki linakuwa na nafasi kubwa ya hewa, usiku unyevu unaganda ndani kwenye bati, kutu inaota juu kule ambako mafuta hayafiki. Ukija kujaza na kutembea barabara za mashimo ile kutu inabanduka vipande inaenda kujibandika kwenye chujio la ndani. Filta za mbele nilikuwa nabadili kila mara na kila nikibadili naikuta ina vumbi jekundu, hamna aliyeniambia hilo vumbi linatoka wapi.

Na mafuta ya kwenye madumu vijijini, kaka, ukilazimika kununua, mimina kidogo kwanza kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa uiache itulie. Maji yanakaa chini, petroli juu, mstari unauona wazi. Hili halihitaji fundi.

Mimi tenki lilishushwa, likaoshwa, chujio likabadilishwa, na sa hizi likipaki nalijaza kwanza. Pampu niliyonayo ni ile ile ya zamani.

---

Pikapu_Kasulu

Fundi asante sana, dada yangu wa Urambo asante pia. Hakuna mtu alishawahi kunieleza hivi tangu nimeanza kuhangaika, watu wanafungua tu spana.

Kioo nimekifuta, kweli kipo, nilikuwa nadhani ni mapambo ya kabureta. Gari ikiwa imewaka sailensa, sijakanyaga resi, nyumbani mafuta yako katikati kama ulivyosema. Ntapakia nishuke mjini nirudi na mzigo, tenki ntaliacha chini ya nusu makusudi.

---

dogo_mwanga

Fundi sijakataa ila hiyo ya umeme si ingemaliza kila kitu? Ina nguvu zaidi.

---

fundi_isevya

Mdogo wangu sikukatazi, ila fikiria. Kama upepo unaingia kwenye mpira kule nyuma, pampu yenye nguvu zaidi ikikaa mbele itavuta upepo zaidi, sio mafuta zaidi. Ukiifunga nyuma karibu na tenki ndo inasaidia kwa sababu sasa inasukuma njia nzima badala ya kuvuta, na nadhani ndo maana ya jamaa yako inadunda. Lakini kuna mambo watu hawasemi. Kabureta inataka psi 3 au 4, watu wanachukua pampu ya gari ya EFI, zile zisizo na kabureta, kwa sababu ndo inapatikana kirahisi dukani, ile inasukuma zaidi ya psi 40, sindano ya floti, ile inayofunga mafuta chumba kikijaa, haiwezi kuizuia, petroli inafurika inamwagika juu ya injini ya moto. Gari inaungua. Lazima iwe ya presha ndogo ya kabureta. Na ya pili, pampu ya kusukumwa na injini, injini ikizima nayo inasimama. Ya umeme iliyounganishwa na swichi moja kwa moja, gari ikipinduka injini ikazima swichi ikiwa oni, pampu inaendelea kumwaga petroli na wewe umo ndani. Ukifunga lazima ipite kwenye rilei inayokata injini ikizima, kwa mfano kupitia swichi ya presha ya oili. Ukifanyiwa hivyo sawa, ila nikikuuliza gari ngapi umeona zimefungwa hivyo hapo Mwanga sidhani kama utanitajia.

---

Hilux_Ipuli

Samahani naingilia, yangu ni 22R-E ile ya EFI, asubuhi inapiga stata tu haiwaki, nikisikiliza nyuma tenki halilii. Je na yenyewe ni haya haya? Niko hapa hapa Tabora, Ipuli.

---

fundi_isevya

Hapana ya kwako tofauti kabisa, pampu yako ni ya umeme na iko ndani ya tenki. Kwanza usisikilize kwa kufungua swichi tu, kwenye 22R-E pampu hailii ukifungua swichi, inafanya kazi wakati wa stata na wakati hewa inapita kwenye mita ya hewa. Fungua boneti tafuta kile kisanduku cha kupimia chenye mfuniko, ndani kuna tundu zimeandikwa Fp na +B. Unganisha hizo mbili kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha. Pampu ikilia, pampu na waya zake ni nzima, mkosaji ni rilei ya pampu au mita ya hewa. Isipolia, pima umeme kwenye soketi ya pampu nyuma kwa mita. Ukikuta unakaribia wa betri na pampu iko kimya, pampu imekufa. Ukikuta volti 8 au 9, usinunue pampu, fuata waya na hasa asi yake, ule waya unaofungwa kwenye bodi la gari, kwenye chesisi huwa inaota kutu. Ukikwama pita gereji yoyote yenye mita, sio lazima kwangu.

---

Pikapu_Kasulu

Wakuu nimerudi. Nilipakia dagaa na madumu ya mawese, tenki chini ya nusu kidogo, ikaanza kuleta zile zake kwenye mlima wa pili na ikazima. Sikusubiri. Nimemtuma tandiboi aweke mawe mimi nikaenda mfuniko kwanza, hamna fyuuu, kimya. Nikafunua boneti kioo cha kabureta kitupu kabisa, chini kabisa hamna hata tone, nikasukuma resi hamna mchirizi. Nikachomoa waya wa plagi moja nikaweka plagi nyingine nikaigusisha kwenye chuma mbali na kabureta, tandiboi akapiga stata, moto mkali wa bluu unaruka. Kwa hiyo moto upo mafuta hayapo.

Alafu kitu kingine nimekiona, ile filta ya plastiki ambayo inaonekana ndani, stata ikipigwa mafuta yanakuja na mapovu mengi, povu povu alafu mafuta kidogo alafu povu.

Pampu kuigusa ilikuwa ya moto lakini mkono unavumilia.

---

fundi_isevya

Safi sana. Hayo mapovu kwenye filta ndo picha niliyokuwa naitafuta, filta yako iko kabla ya pampu, upande wa kuvuta, kwa hiyo upepo unaingia nyuma ya filta. Inaweza kuwa mpira, inaweza kuwa bomba la chuma limeliwa na kutu pale linapopita juu ya chesisi, inaweza kuwa hata ile filta mpya klipu haijabana. Mapovu ya petroli kuchemka nayo yapo ila kwa mkono unaovumilia kugusa pampu sidhani.

Sasa kabla ya kushusha tenki fanya jaribio hili, ndo linalomaliza ubishi. Chukua dumu safi la lita 5, mpira mpya wa mafuta, sio wa maji maana wa maji petroli inaulainisha ndani, chomoa mpira unaotoka tenki pale pale unapoingia kwenye pampu, ule wa tenki uzibe na boliti na klipu, pampu uipe mafuta kutoka kwenye dumu. Dumu lifungwe nyuma kwenye bodi, likae usawa wa chini kama tenki lilivyo, lisikae ndani ya kebini na wewe na lisikae karibu na ekzosi. Ule mpira wa kurudisha mafuta tenki uache ulivyo. Hakikisha unajua lita zako zitakufikisha wapi maana mengine yanarudi tenki. Kisha panda mlima ule ule na mzigo ule ule. Kama inapanda bila kukohoa, pampu zako zote mbili ulizolipia zilikuwa nzima na tatizo liko kati ya tenki na filta. Kama inazima hata kwa dumu, turudi kwenye pampu yenyewe.

Na kwa kuwa utakuwa pale kwenye pampu nitazamie kitu. Kati ya pampu na hedi kuna kipande kinene cheusi, kigumu kama bakelaiti, na gasketi huku na huku. Kipo? Kile kinazuia joto la hedi lisiingie kwenye pampu na pia ndo kinapanga mkono uingie kiasi gani. Mafundi wakifunga pampu mpya wanakiacha kwenye ile ya zamani na inaenda nacho kwenye vyuma chakavu. Kikikosekana mkono unasukumwa kupita kiasi, ngozi inavutika na kuchanika mapema, na pampu inapika kweli kweli.

---

Pikapu_Kasulu

Kipande hakipo. Kuna gasketi ya karatasi tu. Jaribio la dumu nafanya kesho kutwa nikipata mpira wa maana, hapa Kasulu nimepata wa maji tu mpaka uletwe.

---

mama_wa_tumbaku

Kaka usikubali huo wa maji hata wakikuambia ni ule ule. Uwe umeandikwa wenyewe ni wa mafuta. Na tafadhali beba mtungi wa zimamoto kwenye hilo jaribio, tandiboi wako ana mama yake.

---

Pikapu_Kasulu

Wakuu nimepanda!!! Kwa dumu, mzigo ule ule kasoro magunia machache, gia ya tatu mahali ambapo nilikuwa nakwamia, haijakohoa hata mara moja. Kwenye kioo cha kabureta nilisimama makusudi juu ya mlima nikafunua nikaangalia, mafuta yako katikati.

Basi nikarudisha tukashusha tenki na kijana mmoja wa gereji hapa, mtaratibu anasikiliza ukimwambia. Ule mpira mfupi wa juu ya tenki, kwa juu unaonekana mzima kabisa, tulivyouchomoa na kuukunja umechanika chini ya klipu karibu nusu ya mzunguko, ndani mweusi unaachia kama lami. Bila kulishusha tenki usingeuona kamwe. Na chujio la ndani robo tatu yake imezibwa na kutu na kitu kama nyuzi nyuzi za kiroba, nadhani ni kutoka kwenye faneli tuliyokuwa tunatengeneza kwa kiroba tukijaza kwa madumu. Kwa hiyo vyote viwili, fundi, mpira na chujio. Dada wa Urambo na wewe ulikuwa sahihi, chini ya tenki tumetoa maji kama nusu kikombe na tope jekundu.

Tumeosha tenki, chujio jipya, mipira yote mipya kutoka nyuma mpaka mbele na klipu mpya. Kile kipande cheusi bado sijakipata.

---

dogo_mwanga

Safi bro. Fundi nimekuelewa, ntamwambia na jamaa kuhusu hiyo rilei.

---

fundi_isevya

Nimefurahi sana kaka, waambie akina mama wa dagaa gari imerudi kazini.

Kipande usikisahau hata kama sa hizi inapanda vizuri. Ulizia zile pampu za zamani ulizotoa, kama fundi bado anazo huenda kimebaki humo. Ukikosa agiza, waambie wauzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, kwamba unataka insuleta ya pampu ya 22R ya kabureta na gasketi zake mbili, basi la Kigoma linakuletea. Usichonge cha mbao wala usipange gasketi nyingi kufikia unene, ukizidisha unene mkono hauufikii kikemu vizuri na pampu inapungua nguvu, utaanza upya kutafuta mchawi.

Na kwa kuwa umetembea bila hicho kipande, chomoa kijiti cha oili leo jioni injini ikiwa imepoa, nusa. Ukisikia petroli au ukikuta oili imepanda juu ya alama wakati hujaongeza, ngozi ya hiyo pampu imeshachanika na petroli inashukia kwenye oili, hapo usiwashe gari, badili pampu na oili kwanza. Angalia pia katundu kadogo chini ya pampu, kakiwa kamelowa petroli ni jibu hilo hilo.

---

Pikapu_Kasulu

Nimenusa, oili ni oili tu, haijapanda, na katundu kakavu. Insuleta inakuja na basi la keshokutwa, bibi wa dagaa kutoka Kibirizi kaniambia Alhamisi nimuwekee nafasi ya magunia.